Kuupima mshipa wa dhahabu kabla ya kufungua duara: mwongozo kwa mchimbaji mdogo wa Kanda ya Ziwa

Fedha nyingi za wachimbaji wadogo wa Mwanza na Geita hupotelea ardhini si kwa sababu eneo halina dhahabu, bali kwa sababu duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, lilifunguliwa kwa kufuata jiwe moja zuri lililookotwa, badala ya kufuata mshipa uliopimwa. Jiwe lenye punje inayoonekana kwa macho halisemi lolote kuhusu upana wa mshipa, urefu wake, upande unakoinamia wala wastani wa dhahabu iliyomo. Mwongozo huu unaeleza namna ya kukagua eneo dogo, tuseme kilima kimoja chenye mshipa mmoja au miwili ya kwatsi (jiwe gumu, mara nyingi jeupe, lililojaza ufa wa mwamba), kwa vifaa ambavyo kikundi cha watu watatu au wanne kinaweza kuvimudu, hadi kufikia mahali pa kuamua kama duara lichimbwe au lisichimbwe.

Vifaa vyenyewe ni nyundo na tindo, dira, futi kamba, lenzi ya kukuza mara 10, sumaku, kisu, sindano, kipande cha kigae cheupe, karai, turubai safi, mifuko migumu ya plastiki, kalamu ya wino usiofutika, daftari, na simu yenye GPS.

Hatua ya kwanza: jua eneo ni la nani na lipo wapi hasa

Kwa mujibu wa Sheria ya Madini, Sura ya 123, haki ya shamba na haki ya madini ni vitu viwili tofauti. Mwenye shamba la mihogo hamiliki dhahabu iliyo chini yake, na mwenye leseni naye hapaswi kuingia shambani bila kumalizana na mwenye shamba. Kwa hiyo kabla ya kugonga jiwe hata moja, fika ofisi ya Afisa Madini Mkazi ukaangalie kwenye ramani ya leseni kama eneo liko wazi, kisha upige hodi kwa mtendaji wa kijiji. Leseni ndogo ya uchimbaji, ambayo wengi huiita PML, hutolewa kwa Watanzania pekee, hudumu kwa miaka 7 na huweza kuhuishwa, na kwa dhahabu eneo lake halizidi hekta 10. Kama kilima chako kiko kando ya ziwa, kumbuka pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa maji.

Katika vipimo vya eneo pana mtego unaoweza kuzaa kesi. Ramani za zamani za nchi yetu zimechorwa kwa mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali simu na GPS nyingi hutoa namba kwa mfumo wa WGS84. Namba zilezile zikisomwa kwa mfumo usio wake, mahali husogea kwa takriban meta 300. Eneo la mraba la hekta 10 lina upande wa meta 316 hivi, maana yake ni kwamba kosa hilo moja linatosha kukutoa karibu kabisa nje ya leseni yako na kukuingiza kwa jirani. Andika jina la mfumo juu ya kila ukurasa wa daftari lako, na uulize fomu unayoijaza inataka upi.

Hatua ya pili: soma miamba ya eneo zima kabla ya kilima chako

Mawe makubwa yaliyolaliana ndani ya jiji la Mwanza, pamoja na lile maarufu la Bismarck lililosimama majini, ni itale, yaani mwamba wa moto ulioganda chini sana ardhini ukiwa na kwatsi, feldspa na ulanga. Itale huzaa udongo wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni. Ni mwamba mzuri kwa kokoto na kwa picha, lakini si mahali pa kuanzia kutafuta dhahabu, labda pale unapogusana na mwamba wa aina nyingine.

Dhahabu ya Kanda ya Ziwa kwa sehemu kubwa imo katika miamba ya kijani, kundi ambalo wanajiolojia huliita Nyanzian, lenye umri wa kati ya miaka bilioni 2.6 na 2.8. Hizo ni lava za kale, majivu ya volkeno na tope la baharini, vilivyokunjwa na kubanwa mpaka vikapata rangi ya kijani kutokana na madini ya kloraiti. Ndani yake mna miamba ya chuma yenye mistari, ambamo matabaka membamba ya magnetaiti, madini ya chuma yanayovutwa na sumaku, hupishana na ya silika. Kwa kuwa ni migumu na haimomonyoki upesi, ndiyo inayosimamisha vilima vingi vya Geita.

Inafaa kuelewa kwa nini dhahabu ilitua hapo, kwa sababu maelezo haya ndiyo yatakayokuonyesha pa kuchimba mtaro. Wakati miamba hiyo inakunjwa, maji ya moto yalipanda kutoka kilomita kadhaa chini kupitia nyufa, yakiwa yamebeba dhahabu iliyoshikamana na salfa. Yalipokutana na mwamba wenye chuma kingi, salfa iliungana na chuma ikawa pairaiti (madini ya njano yanayong'aa na kufanana na dhahabu), na dhahabu, ikiwa imepoteza kilichokuwa kikiibeba, ikabaki papo hapo. Kwingine ufa ulifunguka ghafla, shinikizo likashuka, na kwatsi ikaganda pamoja na dhahabu kujaza nafasi iliyopatikana. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mbale (mawe yenye dhahabu) ya Geita imo ndani ya miamba ya chuma iliyokatwa na nyufa, wakati ile ya Bulyanhulu imo kwenye mishipa ya kwatsi yenye pairaiti na madini ya shaba.

Kwa hiyo kwatsi nyeupe peke yake, iliyo safi kama chumvi na isiyo na doa la kutu, haitoshi kumfanya mtu auze ng'ombe. Tafuta mahali ambapo mshipa unaukata mwamba wa chuma, mahali ambapo mwamba mgumu unagusana na mlaini, mahali ambapo mshipa unapinda au kugawanyika, na mahali ambapo miamba imesuguana mpaka ikawa na majani majani yanayobanduka kwa kidole. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, yenye makao yake Dodoma, ina ramani za kijiolojia za skeli ya 1:125,000. Skeli hiyo ni ndogo mno kuonyesha mshipa wako, lakini inatosha kukuambia kama unakaa juu ya itale au juu ya miamba ya kijani.

Hatua ya tatu: anza korongoni, umalizie kilimani

Mvua imekuwa ikikimomonyoa kilima tangu zamani, na dhahabu iliyotoka humo imeshuka makorongoni. Chota mchanga wa chini kabisa, ule uliokaa juu ya mwamba au nyuma ya jiwe kubwa, ukauoshe kwenye karai kwa kiasi kilekile kila mara, tuseme ndoo moja ya lita 10, ili matokeo yaweze kulinganishwa. Hesabu punje unazoziona kwenye mkia wa karai na uandike namba hiyo pamoja na mahali. Panda na korongo hatua kwa hatua. Pale punje zinapokoma ghafla, chanzo kiko pembeni au chini kidogo ya hapo, na sasa uache korongo upande mteremko huku ukiosha udongo wa juu.

Umbo la punje husema mengi. Punje laini, bapa na zenye kingo za mviringo zimesafiri, na zile zenye uso wa kukwaruza na vipande vya kwatsi vilivyong'ang'ania hazijatoka mbali. Udongo mweusi wa mbuga ulio chini ya vilima hautoi majibu ya haraka, kwa kuwa mfinyanzi wake hushikilia punje. Uloweke usiku kucha ukilazimika kuupima, vinginevyo upite. Zebaki haina kazi yoyote katika hatua hii, kwa maana unachotafuta ni hesabu ya punje na si dhahabu ya kuuza.

Hatua ya nne: tofautisha dhahabu na kinachong'aa

Kisu, sindano, kigae na sumaku hutatua mabishano mengi. Dhahabu ni laini, ina ugumu wa kati ya 2.5 na 3 kwa kipimo cha Mohs cha 1 hadi 10, hivyo ukiibonyeza kwa ncha ya sindano huingia ndani au hutandazika bila kuvunjika. Pairaiti ina ugumu wa 6 hadi 6.5, haichuniki kwa kisu cha kawaida, na ikigongwa huwa vumbi. Sugua kipande juu ya upande wa nyuma wa kigae cha bafuni, ule usiong'arishwa: dhahabu huacha mstari wa njano ya dhahabu, pairaiti huacha mstari mweusi wenye ukijani, magnetaiti mweusi, hematiti mwekundu wa kahawia, na limonaiti, ambayo ndiyo kutu inayoonekana juu ya mishipa mingi, huacha wa njano ya kahawia. Ulanga nao huwadanganya wengi kwa sababu hung'aa juani, lakini ni vijani vyepesi vinavyoelea majini. Dhahabu safi ina uzito wa mara 19.3 wa maji, na kwatsi mara 2.65 tu. Zungusha punje yako kivulini: dhahabu haibadilishi rangi unapoigeuza, wakati pairaiti na ulanga huwaka na kuzima kadiri pembe ya mwanga inavyobadilika.

Madini mengine hayana thamani kwako lakini ni ishara. Rangi ya kijani ya malakaiti inaonyesha kuna shaba. Galena, yenye rangi ya fedha na mavunjiko ya mraba, ni madini ya risasi, nayo ni nzito kupita inavyoonekana. Asenopairaiti ni nyeupe ya chuma, na ikigongwa kwa nyundo hutoa harufu kama ya kitunguu saumu. Harufu hiyo ni ya aseniki, ambayo ni sumu, kwa hiyo usirudie kugonga ili kuonyesha wenzako, na usichome mawe hayo kamwe.

Kilicho muhimu kuliko vyote katika tabaka la juu ni vishimo vidogo vya mraba vilivyojaa kutu ndani ya kwatsi. Kila kishimo kilikuwa makao ya punje ya pairaiti iliyooza kwa maji na hewa. Chuma chake kimebaki kama limonaiti, salfa imekwenda na maji, na kama pairaiti ile ilikuwa na dhahabu, sasa imeachwa huru. Mchimbaji anayeitazama kwatsi yenye vishimo kwa lenzi, akiigeuza upande kwa upande juani, anafanya kazi yenye faida kuliko anayeokota vipande vyeupe vinavyong'aa.

Hatua ya tano: fungua mitaro na upime mwelekeo na mwinamo

Chimba mitaro myembamba inayoukata mshipa kwa pembe ya mraba, kila baada ya meta 10 hivi, ukishuka mpaka kwenye mwamba usiosogea. Mtaro ukizidi kina cha kifua, laza kingo zake au weka matimba (magogo ya kuzuia kuta zisiporomoke), na mtu asishuke akiwa peke yake. Katika kila mtaro andika mambo manne: upana wa mshipa, mwelekeo wake (unakimbilia upande gani wa dira), mwinamo wake (umelala kwa nyuzi ngapi kutoka usawa na kuelekea wapi), na mwamba ulio ubavuni kwa kila upande.

Tahadhari juu ya dira: kilima chenye miamba ya chuma yenye mistari huivuta sindano, na kipimo kinaweza kupotoka vibaya bila wewe kujua. Kwenye vilima vya namna hiyo, pata mwelekeo kwa kuchukua alama za GPS mahali mshipa unapoonekana katika kila mtaro, kisha uziunganishe kwenye karatasi ya miraba.

Upana nao una udanganyifu wake. Mshipa ulioinama ukipimwa kwa futi kamba iliyolazwa juu ya ardhi tambarare huonekana mpana kuliko ulivyo. Kama umeinama kwa nyuzi 60, upana wa kweli ni takriban asilimia 87 ya ule uliousoma, hivyo sentimeta 70 za juu ya ardhi ni kama 61 za kweli. Usishangae pia mshipa kutuna hapa na kunywea pale, kwani ndivyo ilivyo mishipa mingi ya kwatsi, na ndiyo sababu mtaro mmoja hautoshi.

Hatua ya sita: chukua sampuli bila kuchagua

Safisha uso wa mwamba kwa brashi na maji, tandika turubai, kisha kata mfereji mdogo wa upana wa sentimeta 10 na kina cha sentimeta 4, kutoka ubavu mmoja wa mshipa hadi wa pili. Mfereji wa nusu meta utakupa kama kilo 5 za mawe, na zote ziingie mfukoni, zuri na baya. Hapa ndipo nidhamu inapohitajika, kwa sababu mkono wa mchimbaji hujiendea wenyewe kwenye kipande chenye kutu nzuri. Ubavu wa kushoto na wa kulia uwe na mifuko yake tofauti, kwa sababu mara nyingine dhahabu imo kwenye mwamba uliogusana na kwatsi kuliko kwenye kwatsi yenyewe. Vaa barakoa inayozuia vumbi laini na umwagie maji unapokata, kwani vumbi la kwatsi huharibu mapafu bila kupona. Vua pete, dhahabu yake isije ikachafua sampuli.

Usisagie sampuli kwenye karasha (mashine ya kusaga mawe) lililosaga mawe ya mwenzako jana, maana unga uliobaki humo utakupa dhahabu ambayo si yako. Kama ni lazima kupunguza uzito, ponda kwenye kinu cha chuma kilichosafishwa, uchanganye vizuri, ulundike kama kichuguu, ugawe mafungu manne, utupe mawili yanayotazamana, na urudie kwa yaliyobaki. Nusu ya kila sampuli baki nayo nyumbani ikiwa na namba ileile. Na miongoni mwa mifuko utakayopeleka maabara, changanya mmoja wa itale safi isiyo na mshipa, ukiwa na namba ya kawaida kama mingine, na mwingine uwe marudio ya sampuli uliyokwisha kuipeleka. Itale ikirudi na dhahabu, au marudio yakipishana sana na sampuli yake, utajua kwamba kuna tatizo la kuuliza kabla ya kuziamini namba nyingine.

Hatua ya saba: maabara na hesabu

Njia ya kuaminika zaidi kwa dhahabu ni ya tanuru: unga wa gramu 30 au 50 huyeyushwa pamoja na oksidi ya risasi, risasi hukusanya dhahabu yote, kisha risasi hufukuzwa na kubaki tone dogo la kupimwa. Majibu hutolewa kwa gramu kwa tani. Kama uliona punje kwa macho, waeleze maabara mapema waichekeche sampuli na kupima punje kubwa peke yake, kwa sababu punje moja ikiingia au ikikosa kuingia kwenye gramu 50 hizo hubadilisha jibu zima.

Tuseme, kwa mfano wa kubuni tu, mitaro mitano imetoa majibu haya: upana wa meta 0.4 unasoma gramu 12 kwa tani, 0.6 unasoma 5, 0.5 unasoma 8, 0.3 unasoma 21, na 0.7 unasoma 3. Wengi wangejumlisha gramu na kugawa kwa tano wapate 9.8. Hesabu hiyo si sahihi, kwa kuwa inaupa mshipa mwembamba uzito sawa na ule mpana. Zidisha kila upana kwa gramu zake upate 4.8, 3.0, 4.0, 6.3 na 2.1, ambazo jumla yake ni 20.2. Gawa kwa jumla ya upana, ambayo ni 2.5, na wastani wa kweli ni takriban gramu 8.1 kwa tani.

Bado hujamaliza. Mshipa huo una upana wa wastani wa nusu meta, na mtu hawezi kufanya kazi ndani ya nusu meta. Akichimba upana wa meta 1, nusu ya kinachopanda juu ni mwamba wa ubavuni, na kama ubavu hauna dhahabu, mawe yanayofika karashani yanasoma karibu gramu 4 tu. Kwa urefu wa meta 40 na kina cha meta 10, mshipa wenyewe una ujazo wa meta za ujazo 200, sawa na tani 520, zenye kama kilo 4.2 za dhahabu. Lakini utalazimika kutoa zaidi ya tani 1,000 ili kuzifikia, na uchenjuaji, yaani kuitoa dhahabu kwenye mawe, kwa zebaki mara nyingi haukamati hata nusu. Gharama za matimba, pampu, baruti, karasha na posho zipangwe dhidi ya hicho kitakachokamatwa, wala si dhidi ya zile kilo 4.2.

Hatua ya nane: jiulize kitakachotokea chini ya maji

Kwenye maduara mengi husemwa kwamba dhahabu ilikuwepo juu kisha ikakimbia, na kuna waganga wanaolipwa kuirudisha. Haikukimbia. Juu ya usawa wa maji ya ardhini pairaiti imeoza na dhahabu iko huru, inaonekana kwenye karai na zebaki huishika. Chini ya usawa huo pairaiti ni nzima, mawe hubadilika kutoka rangi ya kutu kuwa ya kijivu yenye kumetameta, na sehemu ya dhahabu imefungwa ndani ya punje za pairaiti ambako zebaki haifiki. Maabara inaweza kusoma gramu 8 pale ambapo mwalo, yaani mahali pa kuoshea mawe yaliyosagwa, unatoa 2. Karibu na ziwa usawa huo wa maji huweza kuwa juu sana, hivyo tabaka rahisi la kutu likawa fupi kuliko unavyodhani.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kutia fedha kwenye duara refu, shusha kishimo kimoja cha majaribio mpaka kwenye mawe ya kijivu, ukiwa na matimba na pampu, uchukue sampuli ya mshipa kwa nidhamu ileile, na uombe maabara vipimo viwili juu ya unga huohuo: cha tanuru, na cha kuloweka kwa sianidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu. Vikikaribiana, mawe ya chini yanaweza kuchenjuliwa kwa sianidi katika mtambo wenye kibali, na marudio yako ya karasha, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa na kuoshwa, yana thamani ambayo hupaswi kuiuza kwa bei ya kifusi. Cha sianidi kikiwa kidogo mno kuliko cha tanuru, panga kuchimba tabaka la kutu peke yake na ukokotoe upya tani kwa kina hicho kifupi. Kama hata hivyo gharama hairudi, fukia mitaro, mrudishie mwenye shamba eneo lake, na uhamishie karai kwenye korongo linalofuata.